Tangi la Lita 1,000 Lililonipa Ndoo 40

Maji ya bomba yalipokatika mwaka jana, nilikinga ndoo za lita 20 kwenye koki ya tangi langu jipya, lililokuwa limejaa, nikahesabu 40 na ya 41 iliyoishia juu kidogo ya nusu, ilhali maandishi ya ubavuni yaliniahidi 50. Tangi halikuvuja.

Rangi na unene wa plastiki sitavigusa, kwa kuwa kila muuzaji huvieleza bila kuulizwa. Mimi nataka utazame tundu la kutolea maji limetobolewa wapi. Tangi ni mcheduara: ujazo wake ni pai mara kipeo cha pili cha nusu kipenyo, mara kimo. Dukani kipenyo hakipimiki kwa urahisi, kwa hiyo zungushia futi kamba tumboni na ugawe kwa 3.14. Langu lilitoa mzingo wa sentimita 333, yaani nusu kipenyo cha 53, na kila sentimita ya kimo ikabeba lita 8.8. Kimo nacho usikipime hadi kwenye mfuniko, bali kutoka ukingo wa chini wa tundu la kutolea hadi ukingo wa chini wa tundu la maji ya ziada. Langu la juu liko sentimita 100 kutoka sakafu ya tangi na la chini liko sentimita 8. Zinabaki 92, sawa na lita 811, huku lita 70 zikilala chini pamoja na tope.

Kwa anayenunua tangi, nafasi ya kwanza naipa chapa ya SIMTANK, na upendeleo wangu siufichi: la mama yangu limepigwa jua miaka mingi bila ufa. Palipo na maumbo mawili ya lita zilezile, chukua jembamba, kwa sababu sentimita 8 hizohizo katika tangi la kipenyo cha sentimita 120 hulaza lita 90. Pana na fupi linashika nafasi ya pili, kwa wenye mnara mwembamba usiostahimili upepo. Ya bei ya chini yasiyo na jina yanafaa maji ya kumwagilia zege.

Nilimrudia muuzaji, ambaye alikuwa amenitoza usafiri kando, nikamwonyesha hesabu yangu. “Dada, hizo lita ni za kiwandani,” akajibu, kana kwamba kiwandani wana lita yao.