Jeti haitobolewi kwa waya: gereji niliyoipelekea vespa ya 177

Mwenye PX150, yaani vespa ya sisi 150, iliyotiwa silinda kubwa zaidi ya sisi 177 hapa Unguja hakosi fundi wa kumfungulia injini. Wa kuituni ndiye adimu. Niliyempelekea mimi, upande wa Mwanakwerekwe, alisikia injini inapanda mbio yenyewe ukiachia resi, akatoa jeti kubwa ya kabureta (kijipande chenye tundu la kupimia mafuta), akachomoa uzi mmoja wa kebo ya klachi, akausugua tunduni mpaka tundu likapanuka. Nikamuuliza, sasa ni namba ngapi? Akanijibu mbele ya watu: "Wewe umeleta chombo kitengenezwe au umekuja kunisomesha?"

Jibu hilo bado linanichoma. Jeti ya kabureta ya Dell'Orto namba 102 ina tundu la milimita 1.02, limepimwa. Ukishalikwaruza halina namba tena, huwezi kupanda wala kushuka, kwa sababu hujui uko wapi.

Na kosa halikuwa la jeti hata kidogo! Injini inayobaki juu ukiachia resi, mara nyingi inavuta hewa pasipostahili. Kuipanua jeti kunaficha tu: resi ikiwa wazi mafuta yanazidi, plagi inatoka nyeusi, fundi anaridhika. Ukirudisha resi nusu, hewa ya wizi inashinda mafuta, pistoni inapata moto na oili haitoshi. Ndivyo ilivyokuwa kupita Mahonda, njia ya Nungwi. Resi iliporudishwa, injini ikajamu na gurudumu la nyuma likafunga. Silinda imechanika upande wa ekzosi. Iliyovuja ni sili ya oili nyuma ya sumaku, spea ya bei ndogo kabisa.

Fundi wa kweli anaanza na hewa. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila resi, anapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye kitako chake. Mlio ukibadilika, pana tundu. Moshi mweupe mzito na oili ya gia inapungua, hiyo ni sili ya upande wa klachi. Kisha taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, kwa taa, karibu digrii 18 kabla pistoni haijafika juu, si kwa sikio. Jeti inakuja mwisho, na unaanza na kubwa, tuseme 115, unashuka hatua moja moja. Kila hatua: plagi mpya, gia ya nne, resi wazi kipande cha barabara iliyo tupu, unabana klachi na kukata swichi papo hapo, unatoa plagi uitazame. Unataka rangi ya biskuti. Ikiwa nyeupe, rudi kwenye jeti kubwa zaidi papo hapo, usiendelee kuendesha na hiyo. Skurubu ya mchanganyiko unaifunga taratibu mpaka mwisho, unaifungua mzunguko mmoja na nusu, kisha unatafuta palipotulia, bila kuvuka miwili na nusu.

Yule wa Mwanakwerekwe nilikusudia kusema asiguse chombo cha mtu yeyote. Haki yake nimpe: kwa kuchomea ekzosi na kunyoosha uma ana mkono mzuri sana, na vespa isiyobadilishwa kitu pengine ataiweza. Pengine. Lakini mtu anayeona swali ni tusi, hata hiyo ekzosi simpelekei tena.

Ukitafuta fundi, mwambie akuonyeshe jeti zake. Mwenye kisanduku chenye namba, zisizoota kijani kwa hewa ya chumvi, msikilize. Mzee niliyempata Jang'ombe aliuliza kwanza silinda gani, ekzosi gani, oili ya 2T kiasi gani kwa lita (mililita 20 kwa isiyo na pampu ya oili, 30 silinda ikiwa mpya), ndipo akashika spana. Taa ya taiming hana, anaazima, kwa hiyo mpigie kabla hujamwendea.