Eti "hii si sufuria": uzoefu wangu na gereji iliyonibadilishia ekzosi

Nilikusudia kuandika neno moja tu: msiende. Nililitunga nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, hapa Mombasa, kucha zimejaa masizi na roho iko juu. Sasa nimekula, nimelala, gari limetulia pale nje, na lile neno halitoki vile nilivyolitaka. Basi niwasimulie, kisha mtanihukumu nyinyi.

Mie ni mpishi. Biriani, pilau, mahamri ya asubuhi ya harusi, matanga pia nahudumia. Gari langu ni Prado kuukuu ya dizeli, ile ya injini ya 1KZ, wenyewe mnaijua. Viti vya nyuma nilishavitoa zamani, hapo ndipo sufuria zinapokaa. Ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, ilianza na mluzi mdogo nikapuuza. Mluzi ukawa ngurumo, watoto wa mtaani wakawa wananisikia tangu kona ya msikiti. Hata hapo nilisema nitavumilia hadi baada ya Ramadhani. Kilichonimaliza ni simu ya mama wa bi harusi mmoja wa Nyali: "Dada, wali wako mtamu, lakini una harufu ya lori." Mashallah. Miaka yote hii napika, nije niambiwe nanuka lori.

Tundu lenyewe lilikuwa nyuma, pale bomba linapopanda kuivuka difu, lile bonge la gia kwenye ekseli ya nyuma. Na mie ndiye niliyezidisha balaa, maana kila nikinusa moshi nilifungua kioo cha mlango wa nyuma utoke. Kumbe gari la umbo lile likiwa mwendoni, hewa hujizungusha pale nyuma na kuuvuta moshi uingie ndani. Kioo cha nyuma kifungwe, vya mbele vifunguliwe. Nilijua hayo nikiwa nimeshafukiza harusi nzima.

Wala msiniulize kwa nini bomba lilioza. Anayevuka feri kila siku anajua: maji yakijaa, ule mteremko unaloa, tairi zinayarusha maji ya chumvi chini ya gari. Halafu safari zangu fupi, Likoni hadi Marikiti, Marikiti hadi Tudor. Bomba halipati moto wa kutosha kukausha unyevu wake wa ndani, likawa laliwa kutu nje na ndani.

Kipuri nilinunua mwenyewe, seti nzima ya mtumba kutoka Japani. Hapa niwape siri moja. Usiseme "imetoka Japani" ukafunga macho. Huko kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani, kwa hiyo bomba jingine linakuja limelika kuliko lako. Ligonge kwa ufunguo ulisikie. Likilia kama kengele, chukua. Likijibu kama debe bovu, liache hapo hapo. Muuzaji alinitazama nikigonga bomba moja baada ya jingine akadhani nimechanganyikiwa.

Gereji siitaji jina. Iko ng'ambo ya Makupa, ina shimo la kuingilia chini ya gari, na mwenyewe ana kiti chake cha plastiki ambacho sijamwona akikiacha ila kwa sababu mbili, chakula na pesa. Umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho. Tuliagana shilingi 9,000 kazi yote, kipuri changu, gasketi zao. Nikaambiwa nisubiri, ni kazi ya saa mbili tatu hivi. Nikavuta kigoda karibu na shimo nikakaa, maana gari langu silipi kisogo.

Huku nyuma kazi ilikwenda. Bomba la zamani walilikata kwa grainda likatoka vipande vipande, sawa, lilikuwa takataka. Kisa kilikuwa mbele, pale bomba linaposhikana na shingo ya turbo, kile kipulizia hewa cha injini. Nati nyingine zilitoka kwa kelele lakini zikatoka. Ikabaki moja, ya juu, upande wa ndani, mahali ambapo mkono unafika na jicho halifiki. Kijana alinimulikia tochi nikaiona. Pembe zake sita zilikuwa zimeliwa hadi imekuwa duara, kahawia, imekunjana kama tende. Na pale ni jirani ya turbo. Miaka nenda miaka rudi inapata moto na kupoa, nati na bolti yake vimeshakuwa kitu kimoja.

Kijana akatia spana, ikateleza. Akatia tena, ikateleza, akajikwangua vidole. Akaenda kuleta kipande cha bomba, akakivisha kwenye mkono wa spana ili apate nguvu. Hapo nikasema. Jamani, nilisema kwa adabu kabisa: "Mwanangu, hamuipashi moto kwanza? Majiko yangu ya gesi bolti zake hukwama hivyo hivyo, nazipasha hadi ziwe nyekundu ndipo zinaachia."

Yule wa kiti cha plastiki hakuinua hata macho kwenye simu. Akasema, "Mama, hii si sufuria."

Wakacheka. Kijana aliyekuwa shimoni alicheka kidogo kwa haya, lakini kulikuwa na mwingine, shavu limejaa muguka, yale majani ya kutafuna, yeye alicheka hadi akashika tairi. Nikanyamaza. Nina buibui langu, nina mkoba wangu, nimekaa kwenye kigoda cha gereji, ningesema nini? Kijana akalining'inia lile bomba kwa uzito wake wote.

Tak.

Sauti ndogo, kama unavunja mfupa wa kuku. Nilijua kabla yake. Nati haikufunguka, ilikatika pamoja na stadi, kisiki kikabaki ndani ya chuma. Kwa wasiojua, stadi ni bolti isiyo na kichwa, na siku hiyo ilivunjwa na mtu asiye stadi.

Mnadhani nilipewa pole? Bwana mkubwa akaja (naam, hapo aliinuka, palinukia pesa), akachungulia nusu dakika. "Gari yako imeoza, mama. Hapa ni kushusha turbo. Siku mbili. Ongeza elfu kumi na mbili." Imeoza! Tangu asubuhi halikuwa limeoza, limeoza walipolivunja wao. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo bei ya kuvunja au ya kutengeneza. Akarudi kwenye kiti chake.

Na bado. Wakati tunabishana, yule wa muguka alikuwa ameshasukuma mashine ya kuchomelea hadi ubavuni mwa gari, achomelee kishikio cha nyuma kilichong'oka. Nikamuuliza, "Betri mmetoa?" Akasema haina shida. Haina shida kwako! Shemeji yangu walimchomelea bampa bila kutoa betri, gari likagoma kuwaka, alternata inayochaji betri ikafa, na kompyuta ikabidi itafutwe ya mtumba. Umeme wa kuchomelea unatafuta njia ya kurudi kwenye mashine, na kama njia iliyo karibu inapitia kwenye alternata na nyaya za gari lako, itapita humo humo. Hii 1KZ pampu yake inaongozwa kwa umeme, si kama yale magari ya zamani.

Sikubishana tena. Nilichukua spana namba kumi kwenye sinia yao, nikafungua boneti, nikalegeza terminali hasi ya betri, nikaivuta kando na kuifunika kwa kitambaa. Buibui na yote. Nikarudi kwenye kigoda. Wa muguka aliacha kutafuna.

Hapo ningekuwa nimemaliza, msiende, kwaheri. Lakini nitakuwa mwongo nisipomtaja ami.

Alirudi kutoka swala ya Alasiri, mzee mwembamba, kofia ya kito iliyofifia, saruni yake akaivua akabaki na suruali ya kazi. Kila mtu pale anamwita ami, nami nikamwita ami ingawa hatujaachana sana kwa umri. Akashuka shimoni na tochi. Kimya kirefu. Kisha kutoka chini: "Nani kaivunja?"

Hakuna.

"Mliipasha?"

Wallahi nilikitazama kile kiti cha plastiki hadi shingo ikaniuma. Mtu wake ghafla alikuwa na simu muhimu sana.

Alichofanya ami nilikiangalia kama mtu anavyoangalia mwenzake akisonga unga wa mahamri, mkono unajua wenyewe. Alitafuta nati mpya inayokaa juu ya kile kisiki, akaibana hapo, akabana waya wa mashine wa kurudishia umeme karibu kabisa na kazi. Akatazama betri, akaona imetolewa, akaniangalia mie, akainamisha kichwa mara moja tu. Kisha akachomelea kupitia tundu la nati hadi ikashikana na kisiki na vyote viwili vikawa vyekundu kama kaa. Hakugusa. Akangoja wekundu uishe. Akatoa mfukoni kipande cha mshumaa, mshumaa huu huu wa stima ikipotea, akakigusisha kwenye mzizi wa stadi. Nta iliyeyuka ikafyonzwa ndani. Ndipo akatia spana, na hakulazimisha: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele, nyuma, kama anambembeleza mtoto. Ikalia nyii. Akaizungusha ikatoka yote, refu, nzima, imefuka moshi. Akaniwekea kwenye kiganja juu ya kitambaa.

"Hii sufuria ilikuwa imeungua, bi mkubwa," akasema.

Hakuwapo wakati ule neno linasemwa. Kijana wa shimoni lazima alimwambia. Nilicheka hadi machozi, na hasira zikapungua, na kupungua kwake kukaniudhi.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Wakainua chesisi kwa jeki difu ikaning'inia, bomba jipya likapitishwa juu yake bila kukatwa. Ami akatia stadi mpya, nati zenye ngozi ya shaba, na grisi ya shaba kwenye meno yake ili atakayekuja baada ya miaka asiteseke kama sisi. Gasketi mpya. Betri nilirudisha mwenyewe. Walipowasha, ami alipitisha mkono karibu na maungio yote kuhisi hewa inayovuja, kisha akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambara kilicholowa na kusikiliza. Hakuna mluzi.

Kisha hesabu. Shilingi 9,000 tulizoagana, na juu yake 3,500 za "muda wa ziada". Muda wa ziada wa kuchomoa kitu walichokivunja! Nilisimama pale hadi taa za barabarani zikawaka. Nikalipa 9,000, nikampa ami chake mkononi, tena mbele yao, na za muda wa ziada nikamwambia mwenye kiti aziandike kwenye sufuria.

Sasa uamuzi. Kazi ni nzuri, sitadanganya. Nilivuka Makupa madirisha yote yamefungwa nikasikia vifuniko vya sufuria vikigongana nyuma, sauti ambayo sikuisikia kwa miezi. Wali wangu hauna tena harufu ya lori. Kwa kazi ya ami ningewapa nyota tano na sahani ya biriani. Lakini nikiandika hapa nikikumbuka lile shavu la muguka linavyocheka, nazitoa zote. Mwanamke akisema pasha moto ni jiko, mzee akisema pasha moto ni ufundi? Haya, nyota tatu. Mbili. Nendeni, lakini nendeni baada ya Alasiri, na muulizie ami kabla hamjazima injini. Kama hayupo, geuzeni gari.

Jambo la mwisho. Jana nikipanda mteremko wa feri nilisikia gong! chini. Nikainama: mipira ya kuning'inizia bomba ilipaswa kuwa mahali pake pote, na pale mwisho kabisa, kwenye kishikio kile alichochomelea bwana muguka, hamna kitu. Pamefungwa waya wa kuanikia nguo.

Jumamosi narudi. Spana namba kumi yangu mwenyewe iko kwenye mkoba, na ile stadi pia nimeichukua.