Ruta ya ghorofani: uzoefu wangu na Archer C6 kwenye nyumba ya mawe

Nyumba yetu iko Kiponda, Mji Mkongwe. Chini nina ofisi ndogo: kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi, na meza ninayowajazia watu maombi ya mtandaoni, ya chuo, ya mkopo, ya pasi. Ghorofa ya kwanza ndiko tunakoishi, na juu yetu anakaa Mama. Kwa zaidi ya mwaka mmoja waliokuwa wakiifaidi intaneti yangu kuliko wote ni wazee wa barazani. Wao wanaangalia mpira bila kukatika. Mimi mwenye kulipa bili nikipanda chumbani simu inazunguka tu.

Mama ndiye aliyenifanya nichukue hatua. Kila Ijumaa baada ya sala anazungumza kwa video na mdogo wake aliyeko Maskati, na kila Ijumaa sura ya mjomba inaganda mdomo wazi. Mama anaita "Haloo, haloo" mpaka anachoka, kisha lawama zinanishukia mimi: "Hiyo intaneti unailipia ya nani?"

Kosa langu la kwanza lilikuwa ripita. Nilinunua ile ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, nikaiweka katikati ya ngazi. Simu ikaonesha mistari yote imejaa, nikafurahi kwa dakika tano. Kumbe ripita ya bei ile inapokea na kurusha kwa redio ileile moja, kwa hiyo karibu nusu ya kasi inaliwa njiani, na hicho inachokipokea chenyewe tayari kimefika hoi. Ni kama kumpa mgonjwa amtunze mgonjwa. Nikampa shemeji yangu anayekaa nyumba mpya za Fumba, kuta nyembamba, kwake inafanya kazi bila tabu.

Kosa la pili nusura nilifanye dukani Mlandege. Muuzaji alinitolea ruta yenye antena sita, kaboksi kimeandikwa AX3000. "Hii inapasua ukuta, dada." Bei yake ingetosha kununua printa nyingine. Nikaomba nikaifikirie.

Hizo namba zilizoandikwa kwenye kaboksi ni za kuchungua. AC1200 maana yake wamechukua megabiti 300 za bendi (mkondo wa mawimbi) ya gigahezi 2.4, wakajumlisha 867 za bendi ya 5, wakaona haziishii vizuri wakazisogeza mpaka 1200. Hakuna simu itakayokupa jumla hiyo, kwa sababu simu inashika bendi moja kwa wakati mmoja, na hata hiyo moja inapimwa maabara ambako hakuna ukuta. AX3000 ni hesabu hiyohiyo, 574 na 2402. Sasa mimi kifurushi changu cha faiba, yaani intaneti ya waya, ni megabiti 20 kwa sekunde. Ningekuwa nanunua tangi la lita elfu tatu kwa ajili ya bomba linalotoa kikombe.

Nilichokifanya siku ile, badala ya kununua, ni kupima. Kuna apu za bure za simu zinazoonesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo hali inavyokuwa nzuri. Hasi 50 ni raha, hasi 70 unaanza kuvumilia, ukifika hasi 85 umeshaaga. Nikatembea na simu mkononi kama mtu aliyepoteza pete. Mezani kwangu, hasi 46. Barazani nje, hasi 55. Kwenye kona ya ngazi, hasi 74. Chumbani kwangu, hasi 86. Kwa Mama haikusoma kabisa, na bendi ya 5 ilikuwa imeshapotea tangu kwenye ngazi.

Kuangalia zile namba ndipo nilipoelewa kwamba mpinzani wangu ni nyumba. Ukuta wa hapa si tofali la inchi sita. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na wa kwetu nilipoupima penye mlango wa ukumbi ulitoka sentimita 52. Tena unanyonya unyevu, na unyevu unayala mawimbi. Vyumba vyenyewe vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kiasi cha mita tatu hivi, kwa hiyo kila ukipiga hatua chache unakutana na ukuta mwingine wa namna ileile. Dari nayo ni boriti zilizomwagiwa mawe na chokaa. Kiboksi cha faiba, kile kinachopokea intaneti na kurusha Wi-Fi, kilifungwa pembeni ya mlango wa mbele, ambao uko wazi kutwa, na mawimbi yakiona uwazi yanatoka kama watoto waliofunguliwa skuli. Wazee wa barazani hawakuniibia kitu. Fundi wa faiba ndiye aliyewawekea.

Basi nikaacha kutafuta ruta yenye nguvu. Nikatafuta ruta ya kawaida ya kuweka juu, iunganishwe na kiboksi cha chini kwa waya.

Nilianza na ya bei nafuu kabisa, TL-WR840N, ambayo kila duka la Darajani na Mlandege inayo. Ni kaputula ya kazi: antena mbili, bendi ya 2.4 peke yake. Kwa chumba kimoja ingetosha. Lakini hapa mjini kila nyumba ya pili ni ya wageni, na nikiwa kitandani nilihesabu majina 23 ya Wi-Fi za watu. Bendi ya 2.4 ina chaneli tatu tu zisizokanyagana, yaani 1, 6 na 11. Majina 23 kwenye njia tatu, ni soko la Darajani siku ya kuamkia Idi. Nilitaka yenye bendi ya 5 pia. Pale juu, ambapo ruta na simu vitakuwa chumba kimoja au viwili, ubaya wa bendi ya 5 wa kutopenya ukuta unageuka kuwa faida: ya jirani hainifikii.

Nikachukua TP-Link Archer C6, shilingi 135,000. Bendi mbili, antena nne za nje, tundu tano za waya zenye uwezo wa megabiti 1000, na kwenye mipangilio unaweza kuibadilisha isiwe ruta tena bali kituo cha kurusha Wi-Fi tu, kile mafundi wanachokiita akses pointi. Ni ya kizazi cha Wi-Fi 5, si 6. Kwa megabiti 20 na simu zetu hizi, sikuona sababu ya kulipia 6. Wenye kifurushi cha 200 na nyumba iliyojaa watoto wenye simu mpya wana hesabu yao nyingine.

Muuzaji alijaribu tena, safari hii seti ya meshi, vidude vitatu vyeupe vinavyosaidiana kurusha Wi-Fi nyumba nzima, vizuri kweli. Nikamuuliza vinazungumza vipi vyenyewe kwa vyenyewe. "Kwa Wi-Fi." Haya, na ukuta je? Akacheka. Meshi unaweza kuifunga kwa waya pia, ila nikishavuta waya sina haja ya vidude vitatu.

Waya ndio ulikuwa kazi yenyewe. Fundi, kijana mpole wa Mkunazini, aliutazama ukuta akaugonga kwa kidole. "Dada, huu ukiupiga drili unakutilia unga mpaka kesho." Akazunguka, akatoka na habari njema: kwenye kona ya ngazi kuna tundu la zamani la waya wa simu ya mezani, enzi za marehemu baba, linapita darini mpaka juu. Akaupitisha humo, mita 18 za waya wa mtandao wa Cat 6, mbali na waya wa umeme. Kisha akakaa kwenye ngazi kufunga vichwa. Ndani ya waya mmoja kuna vidogo vinane, akawa anavipanga kwenye vidole huku ananong'ona kama anasoma uradi: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Anavikata sawasawa, anavisukuma kwenye kichwa, anabana kwa koleo.

Tulipochomeka, kompyuta ikaonesha 100 badala ya 1000. Fundi akaguna, akakikata kile kichwa cha juu, akafunga kingine. Kumbe kidogo kimoja cha kahawia hakikufika mwisho. Megabiti 100 zinapita kwenye nyaya nne tu, 1000 zinataka nane zote. Kwa intaneti yangu nisingeona tofauti yoyote, lakini fundi ambaye hawezi kuondoka na 100 ndiye fundi wa kumweka namba yake. Alichukua 20,000 na chai.

Kisha nikajiharibia mwenyewe. Nilikuwa na haraka, nikaiacha C6 kama ruta ilivyotoka dukani. Intaneti ikawaka juu, Mama akafurahi, nami nikalala. Asubuhi nataka kuchapisha fomu nikiwa kitandani, printa haionekani. Kumbe kiboksi cha chini kilikuwa kinavigawia vifaa anuani zinazoanza na 192.168.1, na C6 inagawa zake za 192.168.0. Nyumba moja, mitaa miwili, na C6 ni mlango unaofunguka upande mmoja tu: kompyuta na simu za juu haziioni printa yenyewe, labda uiandikie anuani yake, na za chini haziwezi kuzifikia za juu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaibadilisha iwe akses pointi, ikajiwasha upya. Hapo nikapata hofu nyingine, maana ile 192.168.0.1 niliyoingilia haikufungua tena. Nikadhani nimeiua. Haikufa, imeshapewa anuani mpya na kiboksi cha chini, ukiandika tplinkwifi.net ukiwa umeunganishwa nayo, au ukifungua apu yake ya Tether, unaikuta.

Printa yangu, kama nyingi za bei yetu, inajua 2.4 tu, kwa hiyo usije ukaizima bendi hiyo kwa kufuata ushauri wa vijana. Chini nikaweka chaneli 1, juu 11. Jina la Wi-Fi ni moja pote pamoja na nywila, ili simu ihame yenyewe ukipanda ngazi. Simu yangu inahama. Ya mume wangu ni king'ang'anizi, inashikilia ya chini mpaka pumzi ya mwisho, na dawa yake ni kuzima Wi-Fi na kuwasha tena. WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe bila kuandika nywila, nimeizima, nywila ya kuingilia mipangilio nimeibadilisha.

Antena nazo zina adabu yake. Nilikuwa nazisimamisha zote nne kama askari wa gwaride. Mawimbi hayatoki kwenye ncha, yanatoka ubavuni, yakiizunguka antena kama kata anayojitwikia mtu ndoo. Ikisimama, inahudumia ghorofa yake. Mama yuko juu yangu, kwa hiyo mbili nimezilaza. Chumbani kwake zikiwa zimesimama zote ilikuwa hasi 71, na nilipozilaza mbili ikafika hasi 64. Nimeandika ukutani nyuma ya mlango.

Umeme ni habari nyingine, na aliyekuwepo Unguja katika lile giza la miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hahitaji kusimuliwa. Sasa unakatika kwa dakika kumi, saa moja, lakini mteja aliyefika hatua ya mwisho ya fomu hataki kujua. Nikanunua kibetri cha ruta, 60,000. Hapa angalia volti: C6 ni 12, na kibetri kina tundu la 9 na la 12 yanayofanana kama mapacha. Umeme ukakatika, C6 ikabaki inawaka, mistari ya Wi-Fi imejaa, intaneti hakuna. Nilikaa dakika nzima nikijiuliza kabla sijakumbuka kwamba kiboksi cha faiba kule chini kimezimika. Ikabidi ninunue kibetri cha pili.

Kwa jumla nimetumia 302,000: ruta, waya wa 27,000, fundi na vibetri viwili. Ruta ile ya antena sita peke yake ilikuwa ghali zaidi. Kasi chumbani kwangu ilikuwa megabiti moja na kitu, sasa ni 19. Yapo mambo mawili ningependa C6 iwe nayo. Haina tundu la USB, ningechomeka diski ya nakala za wateja. Na taa zake ukiwa umelala gizani zinakutazama, ingawa kwenye mipangilio unaweza kuzizima usiku.

Wazee wa barazani nimewafungulia jina lao kwenye kiboksi cha chini, lenye nywila yake na lisiloona printa. Mmoja amenilalamikia kwamba siku za mechi kubwa linasuasua. Nimemwambia Mama naye Ijumaa anataka nafasi yake.

Kimebaki kibanda cha juu ya paa, tunakoanika nguo na kupunga upepo jioni. Huko bado ni hasi 79. Fundi anasema mita kumi nyingine za waya zitafika, lakini ameenda Pemba harusini na hajasema anarudi lini.