Pointi au moduli ya elektroniki kwa Beetle ya zamani?

Volkswagen Beetle ikianza kumisi (injini kukatakata) ukipanda Waiyaki Way kuelekea Kangemi, wengi hulaumu kabureta. Fungua kwanza kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawia plagi umeme. Ndani yake kuna pointi, vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufungana ili koili, inayopandisha nguvu ya umeme, itoe cheche. Zilizochakaa utazijua: uso wa kijivu, kishimo upande mmoja, kichuguu upande wa pili. Zungusha injini kwa mkono hadi zifunguke kabisa, legeza skrubu, pitisha katikati yake fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.4, iteleze huku ikikwaruza kidogo. Kaza, kisha pima upya taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Kile kipande cha pointi kinachosugua kamu (kinundu kinachozunguka na kuzifungua) huisha polepole, nafasi ikapungua na cheche zikachelewa. Ni kazi ya nusu saa, na kucha nyeusi.

Moduli ya elektroniki, inayochukua nafasi ya pointi, haina cha kusugua. Unaunga waya mbili kwenye koili na kusahau. Ila ikifa, imekufa. Hata fundi wa Kirinyaga Road, mtaa wa spea za magari Nairobi, hataifufua kwa msasa. Nyingine huungua ukiacha swichi ya ufunguo imewashwa huku injini imezimwa. Na Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, kwa hiyo uliza kama moduli inafaa volti hizo kabla ya kulipa.

Mimi nimefunga moduli. Pointi na kondensa za zamani ziko kwenye buti, zimeviringwa gazeti.