Seti ya kufufua thredi: inafaa wapi kwenye saspensheni, na wapi usiiguse

Hamjambo watazamaji, karibuni tena. Hapa mezani nina seti ya kufufua thredi, yaani yale meno ambayo bolti hujizungushia, ya aina ya koili, mfumo ule ule wa Helicoil. Wengi mmeniuliza: bolti ya breketi ya breki inazunguka bure kwenye nako, kile chuma kinachoshika gurudumu, je, ni lazima ninunue nako nzima? Mara nyingi si lazima. Ila kuna sehemu hii seti haitakiwi kabisa, na naanza na hizo kwa sababu zinahusu uhai wako.

Thredi za boli jointi, za tairodi endi, au za shafti ya shokapu zikiliwa, badilisha kifaa kizima. Hapo thredi iko nje, juu ya chuma chenyewe kinachobeba mzigo, na koili ni ya kurudisha thredi ya ndani ya tundu. Na kuchonga thredi upya kwa saizi ndogo ni kukipunguzia chuma unene. Usikubali fundi akuambie itashika.

Sasa tufungue boksi. Kuna biti ya keekee, tepu ya kuchongea thredi ndani ya tundu, kifaa cha kuingizia koili, kijiti cha kuvunjia mkia wa koili (kile kipande cha chini kinachoshikwa na kifaa cha kuingizia), na koili zenyewe. Nasogeza kamera, ziangalie: ni waya wa chuma kisichoshika kutu, umesokotwa, na ukiukata unaona una pembe nne. Kwa hiyo ndani unatoa thredi, na nje pia unatoa thredi. Koili ni pana kidogo kuliko tundu, ikiingia inajitanua na kujibana yenyewe.

Pima bolti kabla ya kununua chochote. Magari mengi ya Kijapani yana bolti ya M12 (unene wa milimita 12) ya hatua, yaani umbali wa jino hadi jino, ya milimita 1.25 hapo kwenye breki, mengine yanatumia 1.5. Kwa macho zinafanana, kwa hiyo tumia geji ya thredi. Halafu tepu ya seti ni kubwa kuliko ya kawaida ya M12, kwa hiyo ile ya kwenye sanduku lako haitafaa.

Kazi yote iko kwenye keekee. Ukitoboa mshazari, bolti itakaa mshazari na breketi haitalala bapa. Kama nako inaweza kutoka garini, itoe, ibane kwenye jiliwa, utoboe kwa keekee ya stendi. Naona watu wanatoboa kwa mkono wakiwa wamelala chini ya gari, na hiyo naipinga kabisa. Kwenye tepu, weka mafuta, sogeza nusu mzunguko mbele, rudi robo, vipande vikatike. Aluminiamu inang'ang'ania meno ya tepu, ukilazimisha itavunjikia ndani.

Puliza tundu hadi lisibaki hata chembe. Zungusha koili iingie mpaka iwe robo hadi nusu ya mzunguko chini ya uso wa chuma. Ikibaki juu, bolti ikikazwa itaivuta. Kisha vunja ule mkia kwa kijiti na nyundo, pigo moja fupi, na uutoe. Kwenye tundu la kupita, lililotoboka hadi upande wa pili, usipoutoa, bolti itagonga.

Seti hii naipenda kwa nako ya aluminiamu yenye nyama ya kutosha kuzunguka tundu. Lakini kwa bolti inayofunguliwa mara kwa mara, kama ya breki, mimi nachagua bushi ngumu ya mfumo wa Time-Sert: ni kipande kizima chenye ukingo juu, hakitoki na bolti. Ni ghali zaidi na ina hatua moja ya ziada ya kukata sehemu ya ukingo, ila imetulia.

Na hizo seti kubwa zenye saizi nyingi kwenye boksi moja, biti zake nyingi huisha makali haraka. Nunua saizi moja unayoihitaji, yenye biti nzuri. Ukimaliza, kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha mtengenezaji wa gari, na bolti iwe mpya.