Nilivuka bahari kwenda kutazama mshelisheli

Kwetu Pemba hakuna anayeupiga picha mshelisheli. Umesimama zake nyuma ya jiko, unapukutisha majani, na hukumbukwa siku hakuna mchele. Sasa nichekeni: nimefika Kingstown, kisiwani St. Vincent katika bahari ya Karibi, nikaingia bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1765, na karibu nusu saa nzima nimekaa chini ya mshelisheli.

Aliyenikalisha ni mwongozaji, mzee wa maskhara mengi. Mti wenyewe umechipuka kutokana na miche aliyoileta Kapteni William Bligh kutoka Tahiti mwaka 1793. Mara ya kwanza alishindwa: mabaharia wa meli yake, Bounty, walimuasi mwaka 1789, wakamshusha kwenye mashua katikati ya bahari na miche yake wakaitupa majini. Akarudi tena Tahiti, safari hii na meli ya Providence. Taabu yote hiyo ili wenye mashamba ya miwa wapate chakula cha bei rahisi cha kuwalisha watumwa. Na watumwa, alivyosimulia mzee, mwanzoni walikisusa. Hapo maskhara yalimwisha kidogo, nami nikaacha kupiga picha.

Miti ya viungo niliipita haraka, maana kungumanga na mdalasini tumezaliwa nazo. Kwenye vizimba vya kasuku nilisimama. Ni kasuku wa St. Vincent, ambaye porini hayupo kwengine duniani: kichwa cheupe chenye manjano, mwili wa rangi ya asali, na kelele za soko la samaki.

Mkienda, chukueni mwongozaji. Peke yenu mtaona miti tu. Dereva wa teksi pale bandarini alinitajia bei, nikaona afadhali miguu yangu. Panafikika, ila kuna mlima, na mimi nilivaa ndara. Mvua ikashuka ghafla, nikateleza kwenye nyasi mbele ya watalii wote. Kosa langu.

Mchana nikala mjini shelisheli la kuchoma kwa samaki wa kukaanga, chakula chao cha taifa. Linanukia moshi vizuri, lakini kwangu lilikuwa kavu. Mama muuzaji akaniuliza kwetu tunalipikaje. Nikamwambia tunalichemsha kwa tui. Akaacha kukaanga, akanigeukia: "Nazi ngapi?"