Waya au Bluetooth katika sinema ya nyumbani

Kwa mkazi wa Shangani, Mtwara, anayetaka kuigeuza sebule yake kuwa ukumbi mdogo wa sinema, uamuzi mgumu ni kama sauti ipite kwa waya au kwa Bluetooth.

Bluetooth inavutia kwa kuwa haihitaji kutoboa ukuta, ingawa spika kubwa za sinema ya nyumbani bado zitataka waya wa umeme, jambo ambalo wauzaji hulipita kimyakimya. Kasoro yake kubwa ni kuchelewa: sauti hubanwa kabla ya kurushwa na kufunguliwa upande wa pili, na kwa SBC, mfumo wa kawaida wa kuibana sauti ya Bluetooth, huweza kuchelewa zaidi ya milisekunde 100, kiasi cha kumwona mwigizaji akifumba mdomo kabla neno lake halijasikika. Baadhi ya runinga huichelewesha picha ili vilingane, si zote. Isitoshe, masafa yake ya gigahezi 2.4 hutumiwa pia na Wi-Fi na hata oveni ya maikrowevu.

Waya wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti kwa pamoja, hauna usumbufu huo. Kupitia tundu la ARC, yaani tundu la HDMI linaloweza kuitoa sauti kwenye runinga, waya mmoja huipeleka sauti ya runinga, pamoja na ya king'amuzi, kwenye sabufa yenye tundu kama hilo. Adui yake huku pwani ni hewa ya chumvi, ambayo hula vichwa vya waya taratibu.

Kwa filamu na mpira, ningechagua waya. Bluetooth inatosha kabisa kwa taarabu ya jioni, ambayo haina picha ya kuifuata.